Ngisi wa chuoni: tulivyojijengea proksi wenyewe, na mlango tuliokataa kuuweka

Leo naandika jambo ambalo wengine mtaliona kavu, maana lina amri za kompyuta ndani yake. Nistahamilini. Linahusu watoto wetu, na linahusu siri za watu.

Chuo cha mtaani kwetu, mbali na Qur'ani na fiqhi, kina chumba kidogo chenye kompyuta kumi na mbili za mtumba. Jioni huja wanafunzi wa sekondari kufanya kazi za shule, na asubuhi huja kina mama na wazee kutafuta huduma za serikali ambazo siku hizi nyingi zimehamia mtandaoni. Intaneti ni laini moja, inalipiwa kwa michango. Shida zilikuwa mbili: laini ilikuwa nzito, na vijana walikuwa wameigeuza sehemu ya kubetia mpira.

Akaja bwana mmoja na kisanduku cheusi. Akaiambia kamati kwamba kisanduku kile kitaharakisha mtandao, kitafunga tovuti zote mbaya, na maalim ataweza kuona kila kitu afanyacho mtoto, "mpaka anachokiandika". Sharti lake ni moja tu: kila kompyuta iwekewe cheti chake cha kidijitali. Nikamwuliza ndani ya kisanduku mna nini. Akasema hiyo ni siri ya biashara. Wazee walikuwa tayari kutoa pesa. Kizuri chajiuza, lakini sikutaka kumvunjia mtu heshima yake mbele za watu, nikaomba wiki mbili tu nijaribu njia nyingine.

Njia hiyo ndiyo ninayoieleza leo.

Kisanduku kile kilikuwa proksi. Proksi ni kama kijana wa kutumwa dukani. Kompyuta za chumbani haziendi zenyewe nje. Zinamwambia yeye, "niletee ukurasa fulani", naye anakwenda, analeta, na akiona kitu hicho chaweza kuhitajiwa tena anakiweka nakala kwenye akiba. Mwingine akikitaka, anapewa kile kile bila kutumia bando upya. Na kwa kuwa kila agizo linapita mikononi mwake, anaweza kukataa kwenda mahali fulani, na anaweza kuandika daftarini nani alimtuma wapi, saa ngapi. Sasa fikiri: kijana wa kutumwa anajua mambo mengi ya nyumba. Ndio maana hupeleki yeyote tu.

Proksi moja maarufu ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua bure inaitwa Squid, yaani ngisi. Ilizaliwa mwaka 1996 huko Marekani kutoka mradi wa utafiti ulioitwa Harvest, Duane Wessels akiwa kiongozi wake wa mwanzo, kwa fedha za taasisi ya sayansi ya serikali yao, National Science Foundation. Leseni yake ni GPL. Maana yake msimbo wake, yale maandishi ambayo waandishi wa programu waliyaandika kwa mikono yao, uko wazi. Unaweza kuusoma, kuubadilisha, na kuijenga programu mwenyewe kutokana na maandishi hayo. Hakuna siri ya biashara.

Sasa nieleze kile cheti, kwa sababu kila kitu kimezunguka hapo.

Ukifungua benki yako au barua pepe yako, mazungumzo kati ya kivinjari chako na ile tovuti yamefungwa kwa HTTPS. Ni kama barua iliyotiwa lakiri. Proksi ya kawaida inaibeba barua lakini haiwezi kuifungua. Inaona jina la tovuti iliyoandikwa juu ya bahasha, basi. Lakini ukikubali kuweka cheti cha mwenye proksi ndani ya kompyuta yako, umemruhusu avunje lakiri, asome, kisha atie lakiri yake mwenyewe na kukupa barua kama haijaguswa. Kivinjari hakitalalamika, maana wewe mwenyewe umekiambia kimwamini. Nenosiri la benki litaonekana. Ujumbe wa binti kwa daktari utaonekana. Kumbuka chumba kile wanakitumia kina mama pia.

Squid nayo ina uwezo huo. Lakini, na hili ndilo nililotaka kamati ilisikie, uwezo huo hauji wenyewe. Squid ikijengwa kutoka msimboni, sehemu ya kuvunja lakiri haiingii mpaka mjenzi aitake kwa maneno, kwa kuandika `--with-openssl` wakati wa kuijenga. Usipoandika, programu inayotoka haina mkono wa kufanyia kazi hiyo. Hata maalim akibadilika nia, hata mwizi akiingia na kubadilisha mipangilio, hicho kitu hakimo. Ni kama nyumba: mlango uliofungwa kwa kufuli na ukuta usio na mlango si kitu kimoja.

Niseme ukweli kabla sijaanza amri. Ukitaka njia fupi, kwenye Debian au Ubuntu unaandika `sudo apt install squid` na umemaliza kwa dakika moja, na marekebisho ya usalama utaletewa. Debian hata wamezitenga mbili, `squid` na `squid-openssl`, ili mtu achague. Kwa watu wengi hiyo inatosha, wala sitaki msomaji ajitaabishe kwa kujionyesha. Sisi tulijenga wenyewe kwa sababu tulitaka toleo jipya zaidi kuliko lile lililokuwa kwenye mfumo wetu, tulitaka kuacha nje tusivyovihitaji, na tulikuwa na vijana watatu wenye hamu ya kujifunza ambao jioni zao zilikuwa zikiishia kwenye mkeka wa kamari. Mimi mwenyewe si mhandisi, nina diploma na miaka ya kuharibu kompyuta za watu na kuzitengeneza.

Msimbo tuliuchukua kwa wenyewe, mradi wa Squid, si kwenye tovuti ya mtu wa kati. Unakuja umekazwa kwenye faili moja, na pembeni yake kuna faili ndogo ya sahihi yenye mwisho wa `.asc`. Watu wengi huiruka sahihi hii. Ukishaupata ufunguo wa umma wa mradi, andika hivi, ukiweka namba ya toleo lako mahali pa neno TOLEO:

`gpg --verify squid-TOLEO.tar.xz.asc squid-TOLEO.tar.xz`

Kompyuta ikisema sahihi ni nzuri, umejua kwamba faili uliyoipata ndiyo waliyoitia sahihi wao na haikuguswa njiani. Hujajua zaidi ya hapo, na hapa nataka nisimame kidogo.

Ijumaa ya tarehe 29 Machi 2024, sisi tukiwa katikati ya Ramadhani, mhandisi mmoja wa Microsoft aitwaye Andres Freund alitangaza kwamba amegundua mlango wa siri ndani ya xz, programu ndogo ya kukazia mafaili. Ndiyo hiyo hiyo inayofungulia faili ya Squid niliyoitaja. Alichoona mwanzoni ni kwamba kuingia kwenye kompyuta yake kutoka mbali kumechelewa kwa kiasi cha nusu sekunde. Nusu sekunde! Wengine tungelaumu laini. Akafukua, akakuta kwamba mtu aliyejiita Jia Tan, aliyeusaidia mradi ule kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa na kukabidhiwa funguo, ndiye aliyeuweka. Kipande kilichouwasha mlango ule kilikuwemo kwenye faili lililokazwa kwa ajili ya watu kupakua, hakikuwemo kwenye msimbo uliowekwa hadharani. Na sahihi ilikuwa sahihi, kwa sababu aliyetia ni mwenyewe.

Kwa hivyo mtu asikudanganye kwamba msimbo ukiwa wazi basi hauna hila. Kilichosaidia ni kwamba kulikuwa na kitu cha kufukua. Kisanduku cheusi kingechelewa nusu sekunde na mambo yangeishia hapo.

Haya, turudi kwenye kazi. Unahitaji vifaa vya ujenzi: kompaila ya C++ inayoelewa kiwango cha C++17, na `make`. Kwenye Debian vyote vinakuja kwa `sudo apt install build-essential`. Kisha:

`tar xf squid-TOLEO.tar.xz`
`cd squid-TOLEO`
`./configure --prefix=/usr/local/squid --with-default-user=proxy --without-openssl --disable-snmp --disable-htcp`

Amri ya tatu ndiyo fundi anayepima kiwanja. Inatazama kompyuta yako ina nini na haina nini, halafu inaandika ramani ya ujenzi. `--prefix` ni mahali nyumba itakaposimama. `--with-default-user` ni jina la mtumiaji mnyonge atakayeiendesha programu ili isiendeshwe na mwenye mamlaka yote. `--without-openssl` si lazima kuiandika, maana kutokuwemo ndiyo kawaida yake, lakini tuliiandika kwa makusudi na mtaona sababu. Mbili za mwisho zinaacha nje huduma ambazo chumba cha kompyuta kumi na mbili hakina haja nazo, kisichokuwemo hakiibiwi.

Ramani ikishatoka, ujenzi wenyewe ni neno moja, `make`. Hapa tulipata aibu. Kijana mmoja alisoma mahali kwamba `make -j4` inafanya kazi nne kwa pamoja na kumaliza haraka. Kompyuta yetu ina RAM ya GB 2. Baada ya muda ikatema kosa kwamba `cc1plus` imeuawa. Vijana wakadhani msimbo ni mbovu, wakaupakua upya, wakarudia, ikafa tena pale pale. Kumbe kompaila nne za C++ zilikuwa zinagombania kumbukumbu isiyotosha na mfumo ukaamua kuua mmoja. Tukaandika `make` peke yake, tukaenda kuswali, tukanywa kahawa, tukarudi bado inachapa maandishi. Mashine ya zamani haina haraka. Ilipomaliza:

`sudo make install`

Sasa ngisi yumo ndani ya `/usr/local/squid`. Programu iko kwenye `sbin`, mipangilio kwenye `etc`, daftari na akiba chini ya `var`. Ukijaribu kuiwasha wakati huo huenda ikakataa, ikisema haiwezi kuandika `access.log`. Si ugonjwa. Uliyejenga ni wewe ukiwa na mamlaka ya juu, na anayeendesha ni yule mnyonge `proxy`, ambaye hana ruhusa ya kuandika humo. Mpe vyumba viwili tu, si nyumba nzima:

`sudo chown -R proxy:proxy /usr/local/squid/var/logs /usr/local/squid/var/cache`

Kisha fungua `etc/squid.conf`. Ile mistari ya Safe_ports na SSL_ports iliyokuja nayo usiifute. Chini yake sisi tuliweka hii, tukaondoa ruhusa nyinginezo:

`acl chuoni src 192.168.1.0/24`
`acl kamari dstdomain "/usr/local/squid/etc/kamari.txt"`
`http_access deny kamari`
`http_access allow chuoni`
`http_access deny all`
`http_port 3128`

Squid husoma sheria za `http_access` kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayolingana ndiyo inayoshika. Ukitanguliza `allow chuoni` kabla ya `deny kamari`, vijana watabeti mpaka alfajiri na wewe utabaki kushangaa. Na mstari wa `deny all` usithubutu kuuacha. Proksi iliyo wazi kwa dunia nzima hupatikana na wahalifu upesi, wakaitumia kufichia mambo yao, na anwani itakayoonekana kwa polisi ni ya chuo.

Faili la `kamari.txt` lina jina moja la tovuti kila mstari, likianza na nukta ili lishike na matawi yake. Tazama vizuri: kuzuia kamari hakukuhitaji kuvunja lakiri ya mtu. Jina juu ya bahasha lilitosha. Sababu kubwa ya kununua kile kisanduku ilianguka hapo.

Kwenye akiba lazima nipunguze matumaini. Zamani, tovuti nyingi zilipokuwa hazijafungwa, proksi iliokoa bando nyingi. Leo karibu kila kitu ni HTTPS, na barua iliyotiwa lakiri haiwekwi nakala. Ukitazama daftari utaona `TCP_TUNNEL` kila mahali, maana yake "nimebeba, sikufungua". Lakini marekebisho ya Debian na Ubuntu kwa kawaida bado husafiri kwa HTTP, kwa kuwa yenyewe yana sahihi ndani yake. Kompyuta kumi na mbili zilikuwa zikipakua kitu kile kile mara kumi na mbili. Kiwango cha kawaida cha kitu kinachowekwa akibani ni MB 4, kidogo mno, tukakiongeza, na mstari wake ukatangulia mstari wa akiba:

`maximum_object_size 512 MB`
`cache_dir ufs /usr/local/squid/var/cache/squid 20000 16 256`

Hiyo 20000 ni MB. Baada ya hapo `squid -k parse` ikague mipangilio, `squid -z` itengeneze folda za akiba, kisha iwashe. Kompyuta ya kwanza ilichukua marekebisho kwa mwendo wa kobe. Ya pili kwenye daftari ikaandika `TCP_HIT`. Vijana walipiga makofi kama Bandari imefunga bao.

Kwenye rauta tulifunga njia ya moja kwa moja ya milango 80 na 443, TCP na UDP, isipokuwa kwa mashine ya proksi. La sivyo kijana angeondoa mpangilio wa proksi kwenye kivinjari na kwenda zake. Mwenye bando lake kwenye simu hatukumgusa. Huyo ni wa mzazi wake.

Limebaki daftari. Hata bila kuvunja lakiri, `access.log` inajua kompyuta gani ilikwenda tovuti gani na saa ngapi. Mama aliyetafuta hospitali ya ugonjwa fulani, jina la hospitali limo. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kumbukumbu kama hizo si mali ya kuchezea. Na kabla ya sheria ya serikali, sisi Waislamu tumekatazwa tajassus, kupekuapekua aibu za watu. Tuliweka `client_netmask 255.255.255.0` ili daftari lisionyeshe ni kompyuta ipi kati ya kumi na mbili, na `logfile_rotate 7` pamoja na `squid -k rotate` kila usiku ili ya zamani yajifute. Tumebandika karatasi mlangoni kuwaeleza watu hivyo.

Gharama ya kujijengea ni kwamba hakuna wa kukuletea marekebisho. Mtafiti Joshua Rogers aliikagua Squid mwaka 2021 akakuta kasoro 55, na alipozitangaza Oktoba 2023 nyingi zilikuwa hazijarekebishwa. Toleo jipya likitoka, ni wewe utakayepakua, utakayehakiki sahihi na kurudia `make`. Kijana mmoja amepewa jukumu la kutazama matangazo ya mradi kila Jumamosi. Kama huna mtu wa kufanya hivyo, rudi kwenye `apt`.

Nilipokwenda mbele ya kamati niliandika amri moja tu, `/usr/local/squid/sbin/squid -v`. Inaonyesha toleo na yale maneno yote yaliyotumika kuijenga, na pale katikati likaonekana `--without-openssl`. Nikawaambia wazee: siku yoyote, yeyote kati yenu aombe aonyeshwe mstari huu.

Wiki iliyofuata alinijia mzazi mmoja, mtu ninayemheshimu. Alitaka kujua binti yake anaandikiana na nani jioni. Nikamwambia mashine ile haiwezi. Akadhani nakataa. Nikamwambia, "Wallahi mzee wangu, sikatai, hicho kitu hakimo ndani." Hakupendezwa, akaondoka bila kuaga.

Juzi akarudi, safari hii na swali lake mwenyewe. Anapofanya kazi, kila mtu aliambiwa akubali cheti fulani kwenye simu yake ndipo apate Wi-Fi, naye alikubali. Je, atajuaje kama wanasoma? Nikamwambia simu imfunge kwa njia ya kawaida nisiyoijua yote, lakini kwenye kivinjari ajaribu hivi: akiwa kazini afungue tovuti ya benki yake, aguse alama iliyo kando ya anwani, afungue maelezo ya cheti, asome kimetolewa na nani. Kisha afanye vivyo hivyo nyumbani kwa bando lake. Kama nyumbani ni jina moja na kazini ni jina la mwajiri, lakiri inavunjwa njiani. Aliandika yote kwenye kijikaratasi, akakikunja, akakitia mfuko wa kanzu.